Krimu ya upele: tyubu moja haitoshi nyumba nzima

Wengi wanaorudi duka la dawa wakilalamika kwamba krimu ya upele "imegoma" walinunua dawa sahihi. Kilichokosewa ni mahali, kiasi au siku. Mtu kapaka panapowasha tu. Au kapaka peke yake huku mke na watoto wakingoja waone kama itamsaidia. Au kapaka mara moja, akapata nafuu, tyubu ikaingia kabatini. Kwa hiyo hapa ugonjwa tutaugusa kidogo, na upakaji tutaueleza kwa kirefu.

Upele huletwa na mdudu, na inabidi umjue, maana kila sharti la krimu linatokana na tabia zake. Ni wa ukoo mmoja na kupe na utitiri wa kuku, ila huyu makao yake ni ngozi ya binadamu, na jike halifiki hata nusu milimita. Huchimba kijifereji kwenye tabaka la juu la ngozi, huishi humo mwezi mmoja hadi miwili, na hutaga mayai 2 au 3 kwa siku. Yai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na anayetoka humo huchukua karibu wiki mbili kukomaa. Mwenye upele wa kawaida ana majike kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Vipele mamia na muwasho wa usiku kucha vinatokana na mwili kumkataa mdudu, mayai na kinyesi chake. Kipele unachokiona mara nyingi hakina mdudu ndani, na mdudu huenda yuko pale ambapo hujikuni kabisa. Kupaka vipele peke yake ni kufukuza moshi, moto ukauacha.

Jambo la pili: anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6. Aliyewahi kuugua huwashwa ndani ya siku chache tu. Hivyo yule mtoto anayelala kitanda kimoja na mwenzake na hajikuni, huenda tayari anao. Nyumba nzima hupaka usiku mmoja, anayewashwa na asiyewashwa, pamoja na dada wa kazi na mpenzi anayelala na mmoja wenu. Ukiwapaka wawili leo na watatu Jumamosi, mnazungushiana.

Kununua

Dawa ya kwanza kuulizia ni permethrini ya 5%. Soma boksi, usimwachie muuzaji. Zipo tyubu za gramu 15, 30 na 60, na bei nafuu mara nyingi huficha tyubu ndogo. Usikubali krimu ya mchanganyiko yenye betamethasoni au klobetasoli, zile zinazouzwa kama dawa ya kila kitu cha ngozi na ambazo baadhi ya watu huzitumia kujichubua. Hizo ni dawa za aina ya steroidi: hutuliza muwasho kwa siku kadhaa na kufifisha vipele, huku wadudu wakizaliana bila bughudha. Baada ya hapo hata daktari hupata tabu kuutambua upele, kwa sababu sura yake imeharibika.

Hesabu ya gramu ni hii. Mtu mzima na kijana aliyezidi miaka 12, gramu 30, na mwenye mwili mkubwa huhitaji zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, gramu 15. Wa mwaka 1 hadi 5, robo ya tyubu ya gramu 30, yaani gramu 7 na nusu. Wa miezi 2 hadi mwaka, sehemu moja ya nane ya tyubu hiyo, karibu gramu 4. Chukua nyumba ya baba, mama, mtoto wa miaka 9, wa miaka 4 na mchanga wa miezi 10: jumla ni gramu 86, tyubu 3 za gramu 30. Na kwa kuwa dawa hurudiwa baada ya wiki, ni tyubu 6. Ni pesa, ndiyo. Lakini tyubu 2 zinazogawanywa kwa watu watano ni pesa iliyotupwa yote.

Huna mizani? Kamua mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu. Mtoto wa miaka 4 anahitaji mistari 15, na mchanga wa miezi 10 mistari 7 au 8.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 usimpakie permethrini nyumbani. Mpeleke kliniki, ambako kwa kawaida hupewa marhamu ya salfa. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kutumia permethrini, na kwao ndiyo inayopendelewa, ila wamweleze mhudumu hali yao kwanza.

Usiku wa kupaka

Kata kucha za wote. Kama mtu anataka kuoga, aoge mapema, kwa maji ya kawaida, ajifute, angoje ngozi ipoe na kukauka kabisa. Kosa tunaloliona sana ni kujisugua kwa maji ya moto na dodoki "ili dawa ipenye", kisha kupaka papo hapo. Ngozi yenye joto huingiza dawa nyingi zaidi kwenye damu na kubakiza kidogo kwenye tabaka la juu, ambako mdudu ndiko aliko. Iliyochubuliwa kwa dodoki huungua tu. Na usitangulize mafuta ya nazi wala ya mgando.

Anza shingoni, shuka hadi nyayo. Pitisha krimu nyembamba kila mahali, si viraka. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mara: katikati ya vidole vya mikono na vya miguu, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, viwiko, kwapani, chini ya matiti na kuzunguka chuchu, ndani ya kitovu, mkanda wa kiuno, mfereji wa matako, uume na korodani, na nyayo. Mgongo mpakiwe na mtu mwingine. Chini ya kucha tumia mswaki mkuukuu uliotiwa krimu, halafu utupe. Watoto wa chini ya miaka 2, wazee na wenye kinga dhaifu hupakwa pia kichwani, nyuma ya masikio na usoni, ukikwepa macho na mdomo. Krimu isiingie ukeni wala ndani ya njia ya haja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi.

Iache ikauke dakika chache, kisha vaeni nguo safi na mlale kwenye mashuka safi. Ikae saa 8 hadi 12. Saa tatu usiku ni wakati mzuri, kwa sababu hadi saa kumi na moja alfajiri saa 8 zimetimia, na anayetawadha kwa sala ya alfajiri haharibu kitu. Anayeamka katikati ya usiku akatawadha au kunawa arudie kupaka alipoosha. Mikono ndiyo inayonawishwa sana, na ndiyo makao makuu ya mdudu, kwa hiyo weka akiba ya krimu kwa ajili yake. Mama anayenyonyesha afute chuchu kabla ya kumpa mtoto titi, akimaliza apake tena. Mtoto anayenyonya vidole avishwe soksi mikononi. Paka wa nyumbani naye alale nje usiku huo, maana permethrini ni sumu kali kwa paka, na hujilamba.

Asubuhi ogeni kwa sabuni. Kuiacha siku nzima hakuongezi chochote ila muwasho. Mchomo mdogo au hali ya kutekenya baada ya kupaka ni kawaida na hupita.

Siku ya 7 rudieni yote upya, hata kama mmelala vizuri wiki nzima. Mayai ni magumu kuuawa kuliko wadudu wenyewe. Mara ya pili inawakuta walioanguliwa baada ya mara ya kwanza, kabla hawajakomaa na kutaga.

Ukipewa BBE badala yake

Vituo vingi vina benzili benzoeti ya 25%, inayojulikana kwa kifupi BBE. Ni losheni nyeupe, rahisi kwa bei, na inafanya kazi ikipakwa vizuri, ila huchoma zaidi na masharti yake ni tofauti. Tikisa chupa. Aliyezidi miaka 12 hupaka bila kuchanganya. Wa miaka 2 hadi 12, kipimo kimoja cha losheni na kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Chini ya miaka 2, kipimo kimoja cha losheni na vitatu vya maji. Vipimo hivi ni vya ile ya 25% tu. Changanya ya kutumia usiku huo, usihifadhi mchanganyiko.

Hukaa saa 24, kwa wa chini ya miaka 2 saa 12. Mchanga wa chini ya miezi 6 apangiwe na mhudumu. Baada ya kuoga hupakwa mara ya pili, kwa sababu mara moja mara nyingi haitoshi. Mjamzito hupaka mara moja tu na huoga baada ya saa 12. Usiipake kwenye vidonda, utajuta. Na tabia ya kupimiwa losheni kwenye chupa ya soda tuiache. Chupa haina jina, haina asilimia, na mtoto ataiona kinywaji.

Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya kuogeshea ng'ombe hatutayajadili, zaidi ya kusema kwamba yanapenya ngozini na kuunguza, na dawa ya josho inaweza kuua mtoto.

Nguo, mashuka, mkeka

Nje ya mwili mdudu huyu hufa njaa ndani ya siku 2 au 3. Hapo ndipo watu hujitesa bure kwa kupulizia nyumba dawa ya mbu na kuchoma magodoro. Asubuhi ile ya kuoga kusanya nguo, mashuka, taulo, kanga na vyandarua vilivyotumika siku 3 zilizopita. Loweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 60, au yale usiyoweza kuvumilia kuingiza mkono, kwa dakika 10 au zaidi, fua, anika. Pasi ya moto pia inatosha, ukipita vizuri kwenye mishono. Kisichofulika, kama koti au mto, kifunge kwenye mfuko wa plastiki siku 4, na ukitaka amani ya moyo fanya wiki. Mkeka na godoro visilaliwe kwa muda huohuo, au vifunikwe kwa shuka safi.

Muwasho unaobaki

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Muwasho huendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mizoga na kinyesi bado vimo ngozini hadi tabaka lile libanduke. Asiyejua hili hupaka permethrini kila usiku. Ngozi inakauka, inachubuka, inawasha zaidi, naye anaamini upele umekuwa sugu. Baada ya mara ya pili, acha krimu. Losheni ya kalamini, mafuta ya kulainisha ngozi, na kidonge cha mzio kama setirizini usiku vinatosha. Dalili za kweli za kushindwa ni vipele au vijifereji vipya, au muwasho usiopungua baada ya wiki 4. Hapo jiulize kwanza ni nani hakupakwa. Nchi kadhaa za Ulaya zimeripoti upele usiosikia permethrini kama zamani, lakini kwa jirani yako mshukiwa wa kwanza ni shemeji aliyelala sebuleni.

Barazani husemwa upele umepata mkunaji. Kwenye ngozi, mkunaji hufungulia mlango bakteria. Vidonda vyenye usaha au maganda ya rangi ya asali vitibiwe kwanza, mara nyingi kwa antibiotiki, siku moja au mbili kabla ya krimu. Mtoto akivimba uso, akikojoa kidogo au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mwahishe hospitali, kwa sababu bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kuletea figo matatizo. Mzee au mwenye kinga dhaifu mwenye magamba mazito mikononi anaweza kuwa na aina ya upele yenye wadudu maelfu hadi mamilioni, wakati mwingine bila muwasho mkubwa. Huyo hatibiwi kwa tyubu mbili za dukani.

Shule za bweni na vyuo vya Kurani vina hesabu yao. Wanafunzi 40 wa bweni moja ni tyubu 80 za gramu 30 kwa mizunguko miwili, wote usiku mmoja, na walioenda likizo wapakwe kabla hawajarudi kitandani. Gharama hiyo ndiyo inayofanya vidonge vya ivermektini viwe na maana kwa kundi: mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, dozi mbili zikiachana siku 7 hadi 14. Havipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15, na maeneo ya misitu ya Kongo yenye mnyoo wa loa, ambaye huishi chini ya ngozi ya mtu, yanahitaji daktari aangalie kwanza. Ile ivermektini ya mifugo si mbadala. Mwalimu au matroni aanzie kwa mganga mkuu wa wilaya mapema, wakati wanaojikuna bado ni watano.