Maswali na Majibu: Muziki wa Harusi, Kuanzia Kanisani Hadi Ukumbini

Maswali ya muziki wa harusi yamekuwa mengi kiasi kwamba nimeamua kuyajibu yale yanayojirudia kwa pamoja.

Paroko amekataa wimbo wa Bongo Fleva ambao mimi na mchumba wangu tumeuchagua wa kuingilia kanisani. Je, tunaweza kusisitiza? (Bibi harusi mtarajiwa, Tabata)

Nakushauri usisisitize. Katika Kanisa Katoliki ndoa huadhimishwa ndani ya liturujia, na nyimbo zake zinatakiwa ziendane na adhimisho hilo na kudhihirisha imani ya Kanisa. Wimbo wa mapenzi, hata uwe na maneno ya heshima kiasi gani, huwasifu wawili wanaopendana, na hapo ndipo unapotofautiana na wimbo wa ibada, ambao humwelekea Mungu. Paroko wako hajakuonea.

Mtu unayepaswa kumtafuta sasa ni mwalimu wa kwaya, tena mapema, angalau miezi miwili kabla. Muulize ni nyimbo zipi wanazozijua vizuri za mwanzo, za matoleo, za komunyo na za shukrani, kisha nenda siku ya mazoezi ukazisikilize kwa masikio yako, kwa sababu wimbo ulioupenda kwenye redio, ulioimbwa na kwaya kubwa yenye kinanda na sauti nne zilizokomaa, unaweza kusikika tofauti kabisa ukiimbwa na wanakwaya kumi na wawili waliowahi Jumamosi mchana. Uliza pia kama siku hiyo mtafunga ndoa peke yenu. Zipo parokia zinazofungisha ndoa kadhaa katika misa moja, na hapo nyimbo huchaguliwa kwa ajili ya wote.

Wimbo wenu msiutupe. Utawafaa sana mnapoingia ukumbini.

Mama mkwe anasema bila ule wimbo maarufu wa Kizungu wa kumwingiza bibi harusi, harusi haijakamilika. Ni kweli? (Kigamboni)

Si kweli. Wimbo huo unatoka katika opera ya Richard Wagner iitwayo Lohengrin, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1850, na humo huimbwa maharusi wanaposindikizwa chumbani baada ya kufunga ndoa. Ndoa hiyo huvunjika usiku huohuo. Ule mwingine, unaopigwa wakati wa kutoka, ni wa Felix Mendelssohn, aliyeutunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Kwa kuwa asili yake ni jukwaani na si ibadani, wapo wachungaji wasiopenda kuzisikia madhabahuni. Mkubalieni mama kwa namna nyingine: waombeni wapiga matarumbeta waupige nje, mkiwa mnashuka ngazi za kanisa.

Sisi ni Waislamu. Upande wa mume wanataka dufu na kaswida tu, lakini mashangazi wa binti yangu wanataka taarabu. Nifanyeje? (Baba, Temeke)

Mzee wangu, igawe shughuli na ugomvi utapungua wenyewe. Akdi, yaani kufunga ndoa kwenyewe, ina khutba yake na maneno ya ijabu na kabuli (kuozesha na kukubali), na hapo hapahitajiki muziki wowote. Dufu na kaswida zimsindikize bwana harusi anapokuja na anapoingia kwa mkewe. Hata masheikh walio wakali kuhusu ala za muziki, wengi wao huikubali dufu katika harusi. Mashangazi wapewe jioni yao ya wanawake, na taarabu ipigwe huko. Wenye kuona kwamba taarabu haifai watakuwa hawakualikwa kuisikiliza.

Linalobaki ni aina ya taarabu, na hapa naomba uwe makini. Taarabu asilia, ile ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, au ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, ni ushairi unaosikilizwa watu wakiwa wameketi, huku udi, kanuni na fidla vikiyabeba maneno. Taarabu ya kisasa huwainua watu vitini, lakini nyimbo zake nyingi ni za mipasho. Wimbo unaomsimanga mke mwenza au jirani mwenye husuda, ukipigwa mbele ya mawifi wapya ambao bado hawajamzoea binti yako, kila mmoja ataanza kujiuliza nani amelengwa, na shangazi atakayenyanyuka na noti kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya ubeti huo atakuwa ametoa jibu. Omba orodha ya nyimbo kabla ya kulipa kianzio.

Kamati imegawanyika kati ya bendi na DJ. (Katibu wa kamati, Kimara)

Hesabuni dakika kabla ya kuhesabu michango. Ukitoa kuingia kwa maharusi, utambulisho, keki, chakula, nasaha za wazazi na msururu wa zawadi, muda unaobaki wa kucheza hauzidi saa moja na nusu katika sherehe nyingi nilizohudhuria. Bendi kamili inahitaji jukwaa, nafasi ya vyombo na muda mrefu wa kujaribu sauti. Mimi napenda bendi, na sijaona kinachowainua wazee upesi kama gitaa la dansi la enzi za NUTA Jazz au Mlimani Park. Lakini kama fedha ni za kuungaunga, chukueni DJ mzuri, na kinachobaki kitumike kuhakikisha ukumbi una jenereta inayowaka kweli. Iwasheni siku ya kwenda kukagua.

Tumpe DJ maelekezo gani? (Bwana harusi mtarajiwa, Mbagala)

Yaandikeni. Katika harusi ya mdogo wangu tulimwambia DJ kwa mdomo tu aweke "kitu laini" wakati wa keki. Aliweka wimbo wenye gitaa tamu sana. Bibi harusi alikuwa amepiga magoti, kipande cha keki kikiwa kwenye kijiti, ubeti wa pili ulipoanza na mwimbaji akaeleza jinsi mkewe alivyoondoka na rafiki yake. Kicheko kilianzia meza ya nyuma kikafika mbele, na MC aliyejaribu kukizima akakiongeza. Tangu siku hiyo sipitishi wimbo ambao sijausikiliza hadi mwisho.

Basi andikeni tukio, wimbo, na sekunde ambayo wimbo uanzie. Wimbo wa kuingilia upimeni kwa miguu: bibi harusi atembee kutoka mlangoni hadi meza kuu kwa mwendo wa mtu aliyevaa gauni refu, mmoja wenu akishika saa, kwa sababu wimbo ukiisha wakiwa katikati ya ukumbi DJ atababaika. Kwa zawadi tayarisheni nyimbo nyingi zinazounganishwa bila kukatika, na kila ukoo upate wimbo wa kwao angalau mmoja, wa Kihaya, wa Kichaga, wa Kisukuma, kabla kwaito na mduara havijatwaa uwanja. Ongezeni orodha ya nyimbo zisizopigwa kabisa, na jina la mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kubadilisha chochote. La sivyo kila mjomba mwenye glasi mkononi atakwenda kuagiza wimbo wake. Nyimbo ziwe kwenye flashi mbili, kwani intaneti ya ukumbini haiaminiki.

Matarumbeta yapige njia nzima kutoka kanisani? (Ilala)

Hapana. Wapige wakati wa kutoka kanisani na wa kufika ukumbini, na wanyamaze kabisa msafara unapopita hospitalini au nyumba yenye msiba. Kwenye foleni watawachosha hata ninyi mliowalipa.

Bibi yetu ana zaidi ya miaka 80 na meza ya wazee iko mbele, karibu na spika. Tumhamishie nyuma? (Mjukuu, Kinondoni)

Hamisheni spika. Mwambieni fundi mitambo aziinue juu ya stendi na kuzielekeza katikati ya ukumbi, ili sauti ipite juu ya vichwa vya wazee, naye bibi abaki palepale mbele anapomwona mjukuu wake vizuri.