Kabla Hujawa Mshauri Nasaha, Mtafute Wako

Niliacha uhasibu nikiwa na umri wa miaka 38, baada ya kukaa miaka 11 katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kwa kuwa nilikuwa nimeishi na sonona tangu ujana wangu, niliamini kwamba maradhi yale yalikwisha kunifundisha nusu ya kazi ya ushauri nasaha. Hayakunifundisha. Yalinipa huruma, nayo huruma ni kitu kikubwa, lakini haishiki nafasi ya mafunzo.

Nilitambua hivyo katika mwezi wa pili wa mafunzo kwa vitendo. Mteja mmoja aliniambia kwamba kila usiku huamka saa tisa, akaketi ukingoni mwa kitanda akisubiri adhana ya alfajiri. Niliitikia kwa kichwa, machozi yakanilengalenga, na dakika 50 zikaisha. Nilipomsimulia msimamizi wangu, aliniuliza kama mteja huyo alikuwa akiishi na mtu yeyote nyumbani. Sikujua. Tangu alipotaja saa tisa, nilikuwa nikiusikiliza usiku wangu mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayekusudia kubadilisha kazi, uwe na mshauri wako hata kabla ya kulipa karo, na usimchanganye na msimamizi: kwa mshauri unapeleka maisha yako, kwa msimamizi unapeleka kazi yako. Msimamizi naye aujue ugonjwa wako mapema. Mimi niliuficha muhula mzima nikihofia kufukuzwa, na siku niliposema, alichofanya ni kunipunguzia wateja.

Kosa langu kubwa zaidi lilihusu dawa. Nilipopata nafuu, niliacha vidonge bila kumwambia daktari, nikarudi kitandani, muhula ukanipita. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na hata kuziacha hufanywa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari.

Weka akiba pia, kwa sababu wasiwasi wa kodi ya nyumba huamsha maradhi upesi. Hapa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka usajiliwe na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ndipo ufanye kazi hii, na njia ya kufika huko ni ndefu kwa mtu aliyezoea mshahara wa kila mwezi.

Siku hizi sipokei zaidi ya wateja wanne kwa siku, na kila mwisho wa mwezi hujijazia lile dodoso la maswali 9 la kupima dalili za sonona ninalowapa wateja. Majibu yakinitisha, humpigia daktari wangu simu. Machi iliyopita nililazimika kumkabidhi mteja mmoja kwa mwenzangu, nikamweleza kwamba ninaumwa na sitaweza kumhudumia inavyostahili. Alinipa pole, kisha akaniuliza kama nina mtu wa kunisikiliza. Nilimjibu kwamba ninaye, kila Alhamisi saa kumi jioni.