Muulize Shangazi: Likizo na msimu wa karafuu

Swali: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kidato cha tatu amerudi Pemba likizo kutoka bweni huko Unguja. Anashinda kitandani na simu. Nikimwita tuchambue karafuu hununa, ati likizo ni ya kupumzika. Nimlazimishe?
*Mama K., Wete*

Jibu: Marahaba mwanangu. Siku mbili tatu za mwanzo mwache alale, bweni linachosha. Kisha usimwite "njoo unisaidie". Mpe kazi iwe yake. Mkabidhi uanikaji: asubuhi atandaze karafuu juu ya majamvi, azigeuze, na wingu likitanda aanue yeye. Zikirundikwa mbichi huchacha, zikapauka na kushuka bei, kwa hiyo hatakuwa na nafasi ya kulala mchana. Mfundishe na hesabu: kilo tatu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja. Siku ya kuuza kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, aende na babake, risiti ashike yeye, na apewe chake. Kijana hafurahii kazi ya bure, tusidanganyane.

Kuchambua kufanyeni baada ya Isha. Lundo katikati, bibi na watoto wamelizunguka, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, karafuu kule. Mikono ikiwa na shughuli, midomo hufunguka. Habari za bweni atazitoa mwenyewe. Wewe usimhoji.

Sahani yake aoshe mwenyewe, dada zake si watumishi. Ila mkarafuu asipande: matawi yake huvunjika upesi. Waachieni wachumaji wazoefu.