Sherlock Holmes aliishi kweli?

*Shikamoo mzee. Kijiweni Mwanjelwa tumebishana mpaka chai imepoa: yule mpelelezi Sherlock Holmes alikuwepo? — Fundi viatu, Mbeya*

Marahaba, fundi. Hakuwepo, ila mwalimu wa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Holmes, alikuwepo: Dk. Joseph Bell wa Edinburgh, aliyemfundisha udaktari, na ndiye aliyemchukua mfano wa Holmes. Doyle alisimulia kuwa siku moja mgonjwa aliingia bila kuvua kofia. Bell akasema huyu ni mwanajeshi, tena kaacha jeshi juzi tu, hajazoea adabu za uraiani. Na matende yake? Kayatoa Barbados, kisiwa cha Karibi. Kweli tupu! Hadithi ya kwanza ya Holmes ikatoka 1887.

Muuza viazi wangu hapo sokoni naye hutazama tope la viatu, akakwambia umetoka Tukuyu. Wewe fundi, soli hazikwambii kitu?