Ngozi nzima isikudanganye
Bi mkubwa, umeuliza kama mwanao, aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu huko Wete na kupigwa na tawi ubavuni kushoto, ana haja ya kuonwa na daktari ilhali ngozi haina hata mchubuko. Mpeleke leo hii. Ngozi hunyumbuka, lakini kishindo hupenya na huweza kupasua wengu uliojificha nyuma ya mbavu hizo, ukavuja damu polepole, pengine hata baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana maumivu ya bega la kushoto ambalo halikugongwa, weupe wa ndani ya kope, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au tumbo kukakamaa hunitia hofu kuliko jeraha linaloonekana. Ulizia kipimo cha altrasaundi. Wala asikandwe tumbo, ingawa najua wazee watashauri hivyo.