Uji wa udongo unaganda tangini: kwa nini kuongeza dawa hakusaidii

Swali: Nasimamia zamu ya vinu katika kiwanda cha vigae vya sakafu. Tangu tuanze kuchimba tabaka la chini la shimo letu, lenye udongo wa kijivu unaokaribia weusi, uji wa udongo na maji unatoka kinuni mzito, na ukitulia tangini dakika chache unaganda kama mtindi. Tulipandisha silikati ya sodiamu, dawa yetu ya kulainisha uji, kutoka asilimia 0.4 hadi 0.8 ya uzito wa malighafi kavu. Mwanzoni ilisaidia, sasa kila tukiongeza, uji unazidi kushikana. Imebidi tuongeze maji, na mnara unaokausha uji kuwa punje unakula gesi kupita kiasi. Juu ya hayo, vigae tukivivunja vina moyo mweusi. Tumekosea wapi?

Jibu: Mmepita kiwango cha dawa, lakini hilo ni kosa la pili. La kwanza ni kwamba dawa yenu ilikuwa inaliwa na kitu kingine kabla haijaufikia udongo.

Chembe za udongo ni bapa. Nyuso zake zina chaji hasi na kingo zake huweza kuwa na chaji chanya, kwa hiyo zikiachwa zenyewe hushikana ukingo kwa uso na kujenga kitu kama vibanda vya karata. Maji hufungiwa ndani ya vibanda hivyo, ndiyo maana uji unakuwa mzito ingawa maji yamo tele. Silikati hupandisha hali ya ualikali, hufuta chaji chanya za kingoni na kuleta sodiamu mahali palipokuwa na kalsiamu. Chembe husukumana, vibanda huvunjika, na uji hutiririka ukiwa na maji ya asilimia 35 tu, uzito wa lita moja ukiwa karibu gramu 1,670.

Ukiendelea kumimina, sodiamu ya ziada hubaki majini, hubana lile tabaka la chaji linalozitenganisha chembe, nazo hukaribiana tena. Mchoro wa mnato, yaani ugumu wa uji kutiririka, dhidi ya kipimo cha dawa una umbo la bakuli: hushuka, hufika chini, kisha hupanda. Ninyi mko kwenye mdomo wa upande wa pili. Na maji mliyoongeza yana gharama: uji wa maji asilimia 40, badala ya 35, unaulazimisha mnara kugeuza mvuke lita 128 zaidi kwa kila tani ya malighafi kavu, ili tu mpate punje zenye unyevu uleule wa asilimia 6.

Sasa, kwa nini asilimia 0.4 iliacha kutosha? Udongo mweusi wa chini mara nyingi huwa na pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Ukiwa ardhini umetulia. Ukirundikwa uwanjani, hewa na mvua huuoksidisha, salfeti huzaliwa, nayo ikikutana na chokaa iliyomo udongoni hutengeneza jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, kama ile inayochimbwa Makanya, Tanzania. Jasi huyeyuka kiasi cha gramu 2 na ushee kwa lita. Kiasi hicho kinatosha kuharibu kinu kizima, maana kalsiamu yake huikamata silikati na kuigandisha. Mnadhani mnaulisha udongo dawa, kumbe mnailisha jasi.

Msiniamini hivihivi, pimeni. Chujeni uji mpate maji safi, tieni matone machache ya asidi ya hidrokloriki, kisha matone ya myeyusho wa kloridi ya bariamu. Weupe kama maziwa ukitokea, salfeti ipo. Fanyeni hivyo pia kwa maji ya kisima na hasa maji yaliyorudishwa kutoka kwenye kuosha mitambo ya glezi, yaani ule mpako unaong'aa juu ya kigae. Maji hayo hubeba chumvi nyingi, na viwanda vingi huyalaumu baada ya kulaumu kila kitu kingine.

Tiba ni kabonati ya bariamu. Inapokutana na jasi hutengeneza salfeti ya bariamu na kabonati ya kalsiamu, zote mbili haziyeyuki, kwa hiyo hazina tena la kuusumbua uji. Kwa hesabu, kilo 1 ya jasi inahitaji kilo 1.15 za kabonati ya bariamu. Kwa kawaida mtajikuta kati ya asilimia 0.1 na 0.3 ya malighafi kavu. Inayeyuka kwa shida, hivyo iingie kinuni mwanzo kabisa, pamoja na maji na udongo, na silikati ifuate baadaye. Ikitiwa dakika za mwisho ni kama haikutiwa. Na ni sumu kali ikimezwa, ilhali kwa macho haina tofauti na unga wa ngano: iwe chumba cha kufungwa, ipimwe kwa glavu na barakoa, na chai isikaribie hapo.

Mtu atawaambia mtumie magadi kwa sababu ni rahisi. Kweli magadi huondoa kalsiamu majini, lakini salfeti inabaki majini ikiwa salfeti ya sodiamu. Uji utalainika kidogo, halafu chumvi hiyo itahamia juu ya kigae wakati wa kukauka na kuacha utando mweupe unaosumbua glezi. Kwa tatizo lenu, siyapendekezi.

Mkishaondoa salfeti, tafuteni kipimo cha silikati upya. Cha zamani hakina maana tena. Chukueni mchanganyiko wenye kilo 1 ya malighafi kavu, maji yakiwa asilimia 36 ya uji na kabonati ya bariamu ikiwa imeshatiwa muda wa kutosha. Ongezeni silikati nusu gramu kila mara, koroga dakika 5, pimeni sekunde za kutiririka kwenye kikombe cha tundu la milimita 4. Acheni uji utulie dakika 10, pimeni tena. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoonyesha kuganda. Kikizidi cha kwanza mara moja na nusu, bado pana chumvi. Chagueni kipimo kilicho kabla kidogo ya sehemu ya chini ya bakuli, ili udongo ukibadilika kidogo msiteleze upande wa pili.

Mnaweza pia kubadilisha sehemu ya silikati kwa tripolifosfati ya sodiamu, asilimia 0.05 hadi 0.1, kwa kuwa hushikilia kalsiamu isifanye fujo. Ila huvunjika polepole kwenye uji wa moto, kwa hiyo haifai uji utakaokaa tangini siku kadhaa.

Uji ulioharibika tayari msiutie silikati hata tone. Jaribuni ndoo moja kwanza: kabonati ya bariamu, kisha kukoroga saa kadhaa. Usipolegea, uchanganyeni kidogokidogo na uji mzuri, asilimia 10 kwa kuanzia.

Moyo mweusi unatoka kwenye udongo uleule ila kwa njia nyingine. Weusi wake ni mabaki ya mimea. Ajabu ni kwamba mabaki hayo, yakikutana na sodiamu, husaidia kulainisha uji. Kosa lake linaonekana tanuruni. Kaboni ya mabaki hayo isipoungua mapema huinyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake, na chuma hicho huyeyusha kigae kabla ya wakati. Uso hujifunga, gesi hukosa njia, kigae huvimba. Chomeni kipande kimoja polepole kwenye tanuru la maabara. Weusi ukitoweka, basi tatizo ni muda na hewa: punguzeni kasi ya roli zinazopitisha vigae tanuruni ili vigae vikae zaidi kati ya nyuzi 850 na 950, ongezeni hewa hapo, na shusheni mgandamizo wa presi, kwa mfano kutoka kilo 350 hadi 300 kwa sentimita ya mraba, ili hewa ipenye ndani. Usipotoweka, punguzeni udongo huo kwenye mchanganyiko, na rundo lake lifunikwe kabla ya masika.