Vinyunyizio vya moto nyumbani: je, moshi wa jikoni utavifungua?

Dada, hofu yako kwamba moshi wa kupika utalowesha nyumba yako mpya ya Nakuru iondoe. Kila kinyunyizio, yaani kifaa cha darini kinachomwaga maji moto ukizuka, hufunguka peke yake, kwa joto: kichupa chake chekundu kinachoziba maji hupasuka kwenye nyuzi 68 hivi. Kitambua moshi bado unakihitaji, kiwaamshe mapema.

Presha ya maji ndiyo kazi. Tangi likiwa mita 3 juu hutoa bari (kipimo cha presha) 0.3 tu, na vinyunyizio vingi huhitaji 0.5 au zaidi. Weka pampu, na umeme wa akiba, kwani moto unaweza kukata stima. Tenga lita 1,000: zatosha vinyunyizio viwili kwa dakika 10. Mifereji ikikauka, maji hayo yasifulie nguo! Na fundi wa rangi asivipake vinyunyizio. Kilichopakwa huchelewa kupasuka, hivyo badilisha, usikikwangue.